Daftari la wanachama: barua ya wazi kwenu mlioshika madaraka

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa katibu wa chama kidogo cha walimu. Chama chetu hakina jengo wala gari. Kina katiba ya kurasa tisa, muhuri, akaunti ya benki, na daftari kubwa la jalada gumu ambamo nimeandika kwa mkono wangu jina la kila mwanachama, shule anayofundisha, namba yake ya simu na tarehe aliyolipa ada. Wiki iliyopita nililetewa barua inayonitaka niwasilishe nakala ya daftari hilo ndani ya siku 14. Barua haisemi ni kosa gani limetendeka. Haimtaji mwanachama yeyote anayetuhumiwa. Inataka majina, yote.

Kwa miaka 11 ya ukatibu wangu nimeombwa mambo mengi na ofisi za umma, nami nimeyatoa bila kinyongo: taarifa ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa, majina ya viongozi, nakala ya katiba kila tulipoirekebisha. Hayo mna haki ya kuyajua. Hili la sasa ni jambo jingine, na wakati lilipokuja unajieleza wenyewe. Miezi mitatu iliyopita tulitoa tamko kuhusu walimu waliohamishwa ghafla baada ya kuhoji matumizi ya fedha za shule zao. Lilikuwa tamko la aya nne, la adabu, likiomba sababu za uhamisho zitolewe kwa maandishi. Sababu hazijaja. Iliyokuja ni barua ya kutaka daftari.

Simlalamikii ofisa aliyeisaini. Anatekeleza sheria iliyotungwa na watu wa ngazi yenu, na sheria za namna hiyo zimetungwa katika nchi nyingi: chama kijisajili upya kila baada ya muda, mchango uombewe ruhusa, mkutano utolewe taarifa, orodha ipelekwe ofisini. Kwa hiyo barua hii inakuja kwenu, popote mlipo, ninyi mnaozitunga na kuzisimamia. Nataka mjue ni kitu gani hasa mnakigusa mnapogusa daftari la chama.

Tuna msemo tunaousema karibu kila siku: mnyonge hana haki. Tunausema kwa kukata tamaa, kama watu wanaotaja mvua au kiangazi. Nimeutafakari kwa miaka mingi, na naamini unyonge unaotajwa humo si ufukara peke yake. Ni upweke. Hata tajiri akisimama peke yake mbele ya dola ni mnyonge. Dola ina polisi, magereza, kodi na mipaka, na inashika karatasi zote za maisha ya mtu tangu cheti cha kuzaliwa hadi cha kifo. Mtu mmoja ana sauti yake, na sauti hiyo inaishia kwenye kuta za chumba alichofungiwa. Katiba ya nchi inaweza kuwa imeandika haki zake kwa lugha nzuri kabisa. Lakini asubuhi anapochukuliwa, nani atagundua kwamba hajafika kazini? Nani atakwenda kituoni kumuulizia, afukuzwe, kisha kesho arudi tena? Nani atalipa wakili? Nani atawalisha watoto? Nani ataandika tarehe na saa, ili mwaka kesho asije mtu akasema jambo lile halikutokea?

Mwulizeni mtu yeyote maswali hayo. Atawatajia ndugu zake, msikiti wake au kanisa lake, chama cha wafanyakazi wenzake, mwanasheria, labda mwandishi wa habari. Hizo ndizo taasisi ninazozisemea. Nyingi kati yake hazikuanzishwa kushindana na serikali. Zilianzishwa kuzika wafu, kufundisha watoto, kuuza mazao, kumwabudu Mungu. Zinamkinga mtu kwa sababu nyepesi sana: zipo, na hazikuwekwa na serikali wala haziishi kwa hisani yake.

Nitawapa mfano ambao wengi wenu mnaujua nusu. Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, Rosa Parks alikataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi, akakamatwa. Ikisimuliwa kwa haraka, habari hiyo inabaki na mwanamke mmoja jasiri, na ujasiri wake hauna ubishi. Lakini Rosa Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama kilichotetea haki za Wamarekani weusi. Alikuwa mtu wa kuandika majina na kutunza majalada, kazi ninayoijua. Aliyekwenda kumtoa kwa dhamana alikuwa E. D. Nixon, mtu aliyejifunza uongozi katika chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni. Usiku wa kuamkia kesho yake Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo aliyeongoza baraza la wanawake la mji ule, alirudufu maelfu kwa maelfu ya vipeperushi vya kuwaomba watu wasipande mabasi, na wanawake wa baraza wakavisambaza, kwa kuwa walikuwa wameshajipanga miaka kadhaa kabla. Tarehe 5 watu walijaa katika kanisa la Kibaptisti la Holt Street. Mgomo ule ulidumu siku 381. Watu walitembea kwa miguu, au walipanda magari yaliyopangwa na kamati zilizokutana makanisani, na michango iliyokusanywa makanisani humo ikalipia mafuta.

Ondoeni kimoja baada ya kingine, mwone. Bila chama cha wafanyakazi wa reli, Nixon angekuwa mtu mwenye hasira tu. Bila baraza la wanawake, vipeperushi visingepata mikono ya kuvigawa. Bila makanisa hakuna pa kukutania, hakuna magari, hakuna mfuko. Angebaki mwanamke mmoja mbele ya hakimu, atozwe faini, arudi nyumbani, na mabasi yaendelee kama jana. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kuthibitisha mwaka 1956 kwamba ubaguzi katika mabasi yale ulivunja katiba. Nawaombeni mzingatie mfuatano huo: katiba ilikuwepo miaka yote, na majaji walikuwepo. Kilichoifikisha haki kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kiti cha basi kilikuwa ni watu waliokwisha kuungana kwa shughuli zao wenyewe.

Watawala wa Alabama walilielewa hilo kuliko wengi wetu. Mwaka huohuo wa 1956 mwanasheria mkuu wa jimbo alikwenda mahakamani kutaka NAACP izuiwe kufanya kazi Alabama, kwa hoja kwamba haikufuata taratibu za usajili. Mahakama ya jimbo ikaiamuru itoe nyaraka zake, pamoja na majina na anwani za wanachama. Chama kilitoa nyaraka nyingi. Majina ya wanachama wa kawaida kilikataa. Kikatozwa faini ya dola 10,000, ikapandishwa hadi dola 100,000. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 30 Juni 1958 majaji wote kwa kauli moja walikipa chama haki. Hoja yao haihitaji kisomo cha sheria kuielewa: watu waliojulikana kuwa wanachama walikuwa wamefukuzwa kazi na kutishiwa kupigwa, kwa hiyo kuilazimisha orodha itoke ni kuwanyang'anya watu uhuru wa kujiunga, hata kama hakuna sheria inayowakataza kujiunga.

Hapo ndipo ilipo barua yangu. Hakuna anayewakataza walimu wa chama chetu kuwa wanachama. Kinachotakiwa ni majina. Lakini siku nitakayoyatoa, mwalimu wa shule ya pembezoni ambaye anangoja kupandishwa daraja atanipigia simu usiku kuniomba nimfute. Sitaweza kumlaumu. Atafuata mwingine. Mtakuwa hamjakifuta chama, na chama kitakuwa kimekwisha.

(Naongeza jambo moja kuhusu Alabama, kwa kuwa watu hupenda kusema mahakama zipo na zitatenda haki. Pamoja na hukumu ile ya 1958, NAACP ilizuiwa kufanya kazi katika jimbo lile hadi 1964. Miaka minane ilipita.)

Nimesema mna haki ya kujua mambo kadhaa, na sikusema hivyo kwa heshima tu. Chama kinachopokea fedha za umma kitoe hesabu ya kila senti. Kinachopewa msamaha wa kodi kionyeshe kinastahili. Mwizi wa michango ashtakiwe kwa wizi, tena upesi, maana tunaoumia wa kwanza ni sisi wanachama. Makosa hayo yote yana sheria zake tangu zamani, na hakuna hata moja kati yake inayohitaji kwamba serikali iamue nani aruhusiwe kukutana na nani.

Na hapa naomba mtafakari tofauti kati ya risiti na kibali. Ufaransa ilitunga sheria ya vyama tarehe 1 Julai 1901, ambayo inatumika hadi leo. Inasema watu wanaweza kuunda chama kwa uhuru, bila kibali wala taarifa ya awali. Wakitaka chama kiwe na nafasi kisheria, kama kumiliki mali au kushtaki mahakamani, wanapeleka taarifa kwa ofisa wa serikali, naye anawapa risiti. Kazi yake ni kupokea. Mwaka 1970 watu fulani, akiwemo mwandishi Simone de Beauvoir, walipeleka taarifa ya chama chao jijini Paris, na serikali, ikiwa na hofu nao kwa sababu za kisiasa, ikaagiza wanyimwe risiti. Mahakama ya utawala ikasema kunyimwa huko ni batili. Serikali ikaenda bungeni kubadili sheria, ili chama kiweze kuchunguzwa kabla ya kutambuliwa. Mkuu wa Seneti, Alain Poher, akalipeleka jambo hilo kwenye Baraza la Katiba, na tarehe 16 Julai 1971 baraza hilo likaitupa sehemu ile ya sheria. Chama kikitenda kosa, mahakama inaweza kukivunja. Hakiwezi kuzuiwa kuzaliwa kwa kushukiwa tu. Mtu anayeomba kibali ni mwombaji, na mwombaji hujifunza mapema kunyamaza. Anayepokea risiti ametoa taarifa, akaondoka akiwa na kichwa chake.

Kabla hamjanijibu kwamba taasisi nazo huonea watu, nikiri: ni kweli. Nimekulia ndani ya jamii, nazijua. Ukoo unaweza kumfunga msichana kuliko gereza. Viongozi wa dini wamewahi kuwafukuza watu kwa kuuliza maswali. Vyama vya mafundi vya Ulaya ya zamani vilifungia watu nje ya ufundi kwa sababu ya dini yao, kwa kuwa wanawake, au kwa kutokuwa watoto wa mabwana. Ufaransa hiyohiyo, katika mapinduzi yake, ilichoshwa na hali hiyo. Tarehe 14 Juni 1791 ilipitishwa sheria ya Le Chapelier, ikapiga marufuku watu wa kazi moja kukusanyika kwa ajili ya maslahi yao. Mantiki yake ilipendeza masikioni: kuna maslahi ya mtu mmoja mmoja na kuna maslahi ya taifa, na katikati pasiwe na kitu. Raia awe huru kwa sababu hana bwana mwingine ila sheria. Ukiisoma haraka unaweza kuipigia makofi.

Lakini fikirini nani alibaki katikati hapo. Mfanyakazi alibaki peke yake mbele ya mwajiri, na raia alibaki peke yake mbele ya dola, na miaka miwili baadaye dola ile ilikuwa inawakata watu vichwa hadharani. Wafanyakazi wa Ufaransa hawakupata haki ya kuunda vyama vyao kisheria hadi tarehe 21 Machi 1884. Miaka 93 kwa sheria iliyotungwa kwa jina la uhuru.

Kwa hiyo dawa ya taasisi inayoonea ni nini? Naamini serikali ina kazi muhimu hapo, nayo ni kuulinda mlango wa kutokea. Msichana anayetoroka ndoa ya kulazimishwa apate polisi atakayempokea. Anayeacha dini asiguswe. Mwanachama anayejitoa asifuatwe. Mlindieni kila mtu mlango huo kwa nguvu zenu zote na mtakuwa mmewatendea wanyonge wema mkubwa. Kuulinda mlango si sawa na kuchukua funguo za nyumba nzima.

Mara nyingi funguo hizo huchukuliwa kupitia fedha, na hili halisemwi vya kutosha. Wengi wenu mnajua maana ya wakfu: mali iliyotengwa kwa ajili ya msikiti, shule, hospitali au mafukara, isiuzwe wala isirithiwe. Kwa karne nyingi, katika nchi nyingi za Kiislamu, wanazuoni na wanafunzi wao walikula kutoka humo, na sultani aliyetaka fatwa ya kumfurahisha ilibidi kwanza aonane na mtu ambaye hakuwa mwajiriwa wake. Misri inatuonyesha jinsi ngome hiyo inavyobomolewa. Mwaka 1805 wanazuoni na wakubwa wa Cairo, wakiongozwa na Umar Makram, walimsimamisha Muhammad Ali kuwa mtawala. Walimwamini. Miaka minne baadaye Muhammad Ali alianza kuigusa ardhi ya wakfu na kuitoza kodi. Umar Makram akapinga, na mwaka 1809 akafukuzwa Cairo, akapelekwa Damietta. Wakfu ulipoingia mkononi mwa mtawala, riziki ya mwanazuoni nayo ikaingia humo. Aliyebaki na msimamo alibaki nao akiwa na njaa.

Ndiyo sababu nasikitika ninaposikia ada na michango ya wanachama ikizungumzwa kana kwamba ni jambo la hatari linalohitaji ruhusa. Ada ndogo ya mwalimu ndiyo inayomruhusu katibu wake kuandika tamko la aya nne.

Kuna njia nyingine ya kuziua taasisi ambayo haifungi mlango wala haichukui fedha. Inaingia na kuketi. Ujerumani, mwaka 1933, serikali ya Hitler iliifanya Mei Mosi sikukuu ya taifa yenye malipo, jambo ambalo wafanyakazi walilidai kwa miongo. Shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi likawahimiza wanachama waandamane. Kesho yake, tarehe 2 Mei, ofisi za vyama zilivamiwa, viongozi wakakamatwa, na siku chache baadaye kikaundwa chombo kimoja cha serikali kuwaweka ndani wafanyakazi na waajiri pamoja. Mtu aliendelea kuwa na kadi, na aliendelea kukatwa ada. Hakuwa tena na mtu wa kumkimbilia.

Quisling, Mnorwei aliyetawala kwa niaba ya Wajerumani, alitaka kufanya hivyohivyo kwa walimu wa Norwei wakati nchi ile ikiwa chini yao. Mapema Februari 1942 aliunda jumuiya moja ya lazima ya walimu, na umoja wa vijana ambao watoto wote walitakiwa waingie. Walimu kwa maelfu waliandika barua, kila mmoja barua yake, zenye maneno yaleyale: dhamiri yangu hainiruhusu. Barua za wazazi za kupinga zikafuata kwa wingi mno. Serikali ikafunga shule kwa wiki kadhaa. Mwezi Machi walimu zaidi ya 1,000 walikamatwa, na mamia kati yao wakasafirishwa hadi Kirkenes, kaskazini kabisa, kufanya kazi ngumu kwenye baridi. Nyumbani watu walichangishana kwa siri kuzisaidia familia zao. Hadi Novemba walioshikiliwa walikuwa wamerudishwa, na jumuiya ile ya lazima haikupata kusimama.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara ninajiuliza waliwezaje kuandika maneno yaleyale katika nchi iliyokaliwa na jeshi. Jibu ni kwamba walikuwa na chama chao kabla. Walijuana. Palikuwa na watu waliojua nani anafundisha wapi. Pengine palikuwa na daftari mahali fulani, na aliyelishika alijua la kufanya nalo.

Najua mnachoogopa, na sikidharau. Mnaogopa kwamba taasisi nyingi zenye nguvu zitaigawa nchi, zitaichelewesha, zitaingiza fedha za watu wa nje, zitafanya utawala usiwezekane. Viongozi wenye nia njema wamewahi kufikiri hivyo. Julius Nyerere ni mmoja wao. Serikali yake iliondoa mamlaka za serikali za mitaa mwaka 1972, na mwaka 1976 ikavivunja vyama vikuu vya ushirika vya wakulima, baadhi vikiwa na mizizi tangu enzi za mkoloni. Nia ilikuwa kuharakisha maendeleo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyote viwili vilibidi virudishwe. Na Nyerere mwenyewe, kabla hajaondoka madarakani mwaka 1985, alikiri hadharani kwamba kuvunja vile viwili ni miongoni mwa makosa ambayo asingeyarudia kama angepewa kuanza upya. Ninaliheshimu sana tamko hilo. Lakini chama kilichokwisha kuvunjwa hakirudi kwa kukiri. Watu wanakuwa wameshazoea kungoja kutoka juu, na waliojua kuendesha kikao na kutunza hesabu wametawanyika au wamezeeka.

Kuhusu kugawanyika kwa nchi, tazameni Tunisia mwaka 2013. Wanasiasa wawili wa upinzani walikuwa wameuawa kwa risasi, mmoja Februari, mwingine Julai. Bunge lilikwama, barabara zilijaa hasira pande zote mbili. Waliowaketisha wakubwa mezani walikuwa shirikisho la wafanyakazi la UGTT, lililoanzishwa mwaka 1946, pamoja na umoja wa waajiri, shirika la haki za binadamu na chama cha mawakili. Katiba mpya ilipitishwa Januari 2014, na mwaka uliofuata wanne hao walipewa tuzo ya amani ya Nobel. Serikali isingeweza kuifanya kazi hiyo kwa sababu yenyewe ndiyo iliyokuwa upande mmoja wa ugomvi. UGTT iliweza kwa kuwa ilikuwa imedumu chini ya watawala waliojaribu mara kwa mara kuifanya yao, na haikuwa imemezwa yote. Siku yenu nanyi ya kuhitaji mpatanishi inaweza kufika. Mtamtoa wapi, kama kila mwenyekiti wa kila chama ameteuliwa na ninyi?

Nimewaeleza kuhusu orodha ambazo serikali huzitaka. Kuna orodha nyingine. Baada ya jeshi kutwaa madaraka nchini Chile mnamo Septemba 1973, watu walianza kutoweka. Makanisa kadhaa na jumuiya ya Wayahudi waliunda kamati ya kuwasaidia walioteswa na ndugu zao. Jenerali Pinochet alidai kamati ile ivunjwe, ikavunjwa mwishoni mwa 1975. Tarehe 1 Januari 1976 Kadinali Raúl Silva Henríquez akafungua ofisi ya kazi ileile, safari hii ndani ya jimbo lake kuu la Kanisa Katoliki, ambalo halikuhitaji cheti cha Pinochet ili kuwepo. Ofisi hiyo iliitwa Vicaría de la Solidaridad. Mawakili wake walipeleka mahakamani maelfu ya maombi ya kutaka waliokamatwa wafikishwe mbele ya hakimu, na mahakama ikayakataa karibu yote. Waliendelea kuyaandika. Kila mama aliyekuja alikaa chini, akatoa jina la mtoto, tarehe, nguo alizovaa, gari lililomchukua. Mwaka 1978 ilipofika habari kwamba kuna miili ndani ya tanuri za chokaa za Lonquén, ilifikishwa kwa watu wa kanisa. Wao walikwenda kuthibitisha wakiwa na mashahidi kabla ya kuzijulisha mahakama, ili ushahidi usipotee. Iliopolewa miili ya wanaume 15. Utawala ulipobadilika na tume ya ukweli kuundwa mwaka 1990, majalada ya Vicaría yalikuwa yakingoja. Mahakama zilikuwa zimekataa, magazeti mengi yalikuwa yamenyamaza, na bado ilijulikana nani alichukuliwa, lini na wapi, kwa kuwa palikuwa na watu wenye paa lao wenyewe waliokuwa wakiandika.

Mimi ni mwandishi wa daftari dogo mno likilinganishwa na lile. Lakini kazi ni moja. Mwanachama wetu mmoja aliposimamishwa kazi miaka sita iliyopita bila barua, tarehe ya siku hiyo ilikuwa kwenye daftari langu tu, na tarehe hiyo ndiyo iliyomrudishia mshahara wake.

Jumamosi tulikutana. Mkutano mkuu wa dharura, akidi ikatimia, mjadala wa saa tatu. Wapo waliosema tutoe majina tuishi kwa amani, na niliwaelewa, wana watoto. Kura zilipopigwa, uamuzi ulikuwa kwamba taarifa za chama zitaendelea kutolewa kama kawaida, na orodha ya wanachama haitatolewa isipokuwa kwa amri ya mahakama inayotaja kosa na mtuhumiwa. Muhtasari umesainiwa, nakala imebandikwa kwenye barua yangu kwa ofisi husika.

Ninawaomba ninyi mliopewa dhamana mfanye mambo ambayo mimi siwezi. Ifuteni sehemu ya sheria inayoruhusu orodha kutakiwa bila kosa kutajwa. Ifanyeni ofisi ya msajili iwe ya kutoa risiti. Waacheni wanachama wachague viongozi wao, walipe ada zao, wakosee na kujirekebisha. Na walimu wale waliohamishwa waandikiwe sababu, maana barua hii yote ilianzia hapo.

Zimebaki siku saba. Nikiitwa nitakuja kwa wakati, nikiwa na katiba, hesabu zilizokaguliwa na risiti za miaka 11. Daftari sitakuja nalo.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Katibu